Bakuli la Mgeni

1

Ubao wa kupimia urefu hauna siasa. Unamsimamisha mtu visigino vikigusa ukuta, unamshushia kibao utosini, unataja namba, basi. Kwa hiyo siku namba ilipokataa, Tabitha Msengi aliushuku ubao kabla ya kumshuku mtu.

"Vua kandambili, Eliwaza. Simama wima. Tazama mbele."

"Nimeshavua, dokta."

Kweli alikuwa amevua. Tabitha akakishusha kibao upya, taratibu, mpaka kikagusa nywele. Sentimita mia moja hamsini na moja. Kwenye kadi ya kliniki, kwa mwandiko wake mwenyewe, wiki kumi na mbili nyuma, palikuwa pameandikwa mia moja hamsini na tatu.

Vikongwe hupungua kimo, hilo linajulikana. Binti wa miaka kumi na sita hapungui. Akilala hovyo anaamka kaongezeka, wazazi wanalalamika kwamba sare ya shule haijamaliza hata mwaka.

Tabitha alikuwa afisa lishe wa zahanati ya Mng'andi kwa mwaka wa kumi na moja, na hakuwa mtu wa kutishwa ovyo. Aliwahi kumfukuza swila kutoka stoo ya unga kwa ufagio wa chelewa, kisha akarudi kuendelea na chai yake. Lakini Alhamisi ile asubuhi alivua viatu, akasimama yeye mwenyewe kwenye ubao, akamwambia msichana amsomee. Mia moja sitini na moja, palepale alipoishia tangu kidato cha nne. Ubao ulikuwa mzima.

"Kwani nimekuwa mfupi, dokta?" Eliwaza aliuliza. "Kanga zangu zinaburura siku hizi. Bibi ananigombeza, anasema sijui kujifunga."

Tabitha aliandika namba mpya kwenye kadi. Alifungua mlango ili amwite mwingine, na hapo ndipo alipowaona.

Wasichana wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi la korido, matumbo yamewatangulia, na wote wanne walikuwa wameugeukia ukuta. Ukuta ule ulipakwa chokaa mwezi uliopita, mweupe pe. Sasa juu ya benchi palikuwa na mabaka ya kijivu, yamelowa, na kila msichana alikuwa na baka lake. Walikuwa wanalamba polepole, kama mbuzi kwenye jiwe la chumvi, bila kusemezana.

Wajawazito kula udongo si habari. Sokoni unauzwa kwa mafungu, wanawake wanachagua, wanabishana, wanacheka. Hawa hawakucheka. Macho yao yalikuwa wazi na hayakuwa yakitazama kitu.

"Jamani," Tabitha alisema. "Nyie."

Mmoja akageuka, midomo yake myeupe. Hakuona hata haya.

"Si sisi, dokta," alisema. "Ni yeye anaomba."

2

Aliyekuwa akiomba aliitwa Mgawi, na ukubwa wake ulikuwa wa punje ya mtama.

Tabitha alikuwa amewawekea wasichana thelathini na mmoja Mgawi kwa mkono wake, sindano moja chini ya kitovu, wiki ya kumi na nne ya mimba. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe. Alizijua zile siku kabla ya Mpango wa mkoa wa kulisha wajawazito wadogo, alipokuwa akipokea vitoto vya kilo moja na nusu vyenye nyuso za wazee, na kuvifunga kanga juu ya kanga ili visife kwa baridi.

Tatizo lenyewe halikuwa gumu kulieleza. Msichana wa miaka kumi na sita mwenye mimba ni watoto wawili katika mwili mmoja. Yeye mwenyewe bado anakua. Mifupa yake inadai madini ya chokaa, damu yake inadai madini ya chuma, nyonga yake bado haijafunguka ikafikia upana wake. Na yule wa tumboni anadai vilevile, kutoka kijiko kilekile. Mwanamke aliyemaliza kukua humwachia mtoto sehemu yake. Msichana hana cha kuachia, mwili wake unashindana na mimba yake.

Basi wataalamu wakabuni mwamuzi. Mgawi alikaa mlangoni pa kondo la nyuma, akaonja damu inayopita, akagawa. Chakula kikitosha, wote walipata. Kikipungua, alifungua ghala: alianza na ini, akaja kwenye nyama za mikono, mwisho akaingia mfupani. Na kwa kuwa alikuwa na akili ya kutosha kumfanya mwenye mwili atamani kile kilichopungua, aliomba pia.

Alikuwa na machaguo matatu: MTOTO, MAMA na ULIZA. Siku ya mafunzo mkufunzi kutoka mkoani aliwaonyesha la kwanza, akaligusia la pili, na kwenye la tatu, la kumuuliza mwenye mimba, alicheka. "Hili msiliguse," alisema. "Utamuuliza mtoto habari za mtoto?" Ukumbi mzima ukacheka. Tabitha naye alicheka, na leo kicheko kile kilikuwa kinamrudia mdomoni kama shubiri.

Wagawi wote thelathini na mmoja waliwekwa MTOTO. Na watoto wakazaliwa, wallahi wakazaliwa! Kilo tatu, kilo tatu na nusu, mashavu kama maandazi. Walipigwa picha, picha zikabandikwa ukutani mkoani. Mama zao hawakupigwa picha. Penina, wa mwaka jana, alizaa dume la kilo tatu na robo, na wiki mbili baadaye akiinua ndoo ya maji nyonga yake ikakatika. Ana miaka kumi na saba, anatembelea mkongojo. Kwenye faili paliandikwa: ajali ya ndoo. Aliyeandika ni Tabitha.

Alikaa mezani akawasha kishikwambi. Ukurasa wa mtoto wa Eliwaza ulifunguka wenyewe, kijani tupu: wiki ya ishirini na saba, anakua vizuri. Ukurasa wa mama ilibidi autafute. Ulikuwepo, nyuma ya vitufe vinne. Damu, saba nukta tisa. Mzunguko wa mkono, sentimita ishirini na moja, wakati ishirini na tatu ndiyo inayotakiwa. Mifupa ilikuwa nyekundu tangu kwenye fuvu hadi kwenye nyayo.

Akampigia simu Bwana Kitundu, mratibu wa Mpango.

"Mtoto yukoje?" Kitundu aliuliza.

"Mzima. Mama ndiye anayeisha."

"Boksi lake la chakula kapokea?"

"Kila wiki. Kasaini."

"Basi anakula. Sikiliza, dada Tabitha, usiguse chaguo. Ukimpeleka kwa MAMA, mtoto anadumaa humo humo tumboni. Akizaliwa kilo moja na nusu akafa, jina litakaloandikwa ni lako."

Kitundu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye hajawahi kumwona msichana akipungua.

Na alichosema kilikuwa kweli, hapo ndipo penye mwiba. Akiacha, Mgawi angeendelea kumchimba Eliwaza, na siku ya uchungu nyonga yake iliyokwisha kuliwa ingetakiwa kumpitisha mtoto wa kilo tatu. Akigeuza, angemnyang'anya chakula kichanga ambaye hakumkosea mtu. Kidole kilikuwa kimoja, na popote ambapo kingegusa kungekuwa na mtu wa kuumia.

Lakini boksi? Unga wa lishe, dagaa, mayai kumi na manne, mafuta, karanga. Chakula kile kiliwatosha wawili na kusaza. Kilikuwa kinakwenda wapi?

Alifunga ofisi saa tano, akachukua kofia yake ya jua, akaenda kutazama.

3

Bibi Naomi Shango, aliyemlea Eliwaza, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Ukame ulimchukulia watoto watatu na kumwachia wajukuu wanane. Eliwaza alikuwa wa kwanza, waliobaki saba walikuwa ngazi kwa ngazi mpaka kitinda mimba wa miaka mitatu.

"Karibu, mama dokta. Umekuja na mguu mzuri, chakula kinaiva."

Na kweli kilikuwa kinaiva, na Tabitha akaona kila kitu kwa macho yake. Boksi la Mpango lilikuwa wazi kando ya mafiga, limeandikwa jina la Eliwaza kwa herufi kubwa. Unga wake wote uliingia kwenye sufuria ya ugali. Dagaa wake walimiminwa kwenye mlenda. Mayai sita yalivunjwa yakakorogewa humohumo. Sinia moja likawekwa katikati, mikono minane ikanawa na kuingia, na Bibi akajitengea ukoko wa sufuria.

Eliwaza alikula matonge matano. Tabitha aliyahesabu. Alichota ugali na mlenda wa pembeni tu, akiliepuka yai, kisha akavuta beseni akanawa, akafuta mikono kwenye kanga. Wadogo zake wakasogea, wakajaza nafasi yake.

Tabitha alikumbuka kwao. Naye alikuwa mtoto wa kwanza, kwenye nyumba yenye sinia kama lile. Mkubwa hutangulia kunawa, hakuna anayefundishwa kwa maneno. Unaona tu jinsi mikono midogo inavyofanya haraka, unashiba kwa lazima. Huko mkoani Mpango ulihesabu boksi, damu na kilo. Hakuna aliyewaza kuhesabu nani ananawa wa kwanza.

"Bibi," alianza, "chakula hiki ni cha Eliwaza."

"Najua. Jina lake hilo hapo, na mimi kusoma nasoma."

"Sasa mbona..."

"Mbona nini, mwanangu? Nimfungie mlango ale peke yake, hawa saba wakae nje wasikilize kijiko? Kwetu anayekula peke yake ni mchawi."

"Na mayai? Hata yai hali."

"Mjamzito hapewi mayai. Mtoto atanenepa amshinde kumtoa. Huyu ni mdogo, humwoni?"

Kabla Tabitha hajajibu, Eliwaza aliinuka. Alitembea mpaka pembe ya nyumba, mahali ambapo ukuta ulikuwa umechimbika shimo la ukubwa wa sahani. Akapiga magoti. Akaanza kukwangua kwa kucha na kupeleka mdomoni, taratibu, bila kutazama anachokwangua. Watoto hawakugeuka hata mmoja. Walikuwa wamezoea.

Bibi Naomi alishusha sauti yake ndefu ikawa ndogo.

"Anazungumza na tumbo akiwa peke yake," alisema. "Anasema, chukua. Anasema, chukua tu. Mimi nimezika watatu, mama dokta. Nyumba inayongojea msiba naijua harufu yake, na hii inanuka. Kuna nini ndani ya mtoto wangu?"

Hapo Tabitha angeweza kusema uongo. Uongo ulikuwepo tayari, umeshaandikwa kwenye vipeperushi.

"Kuna kitu kinamla mifupa," alisema. "Kinampa mwanawe. Nilikiweka mimi."

"Wewe?"

"Mimi, kwa mkono huu."

"Basi kitoe."

"Hakitoki mpaka ajifungue. Nikikichomoa leo, kondo litaachia, tutawazika wote wawili."

Bibi aliutazama ule mkono. "Kikulacho ki nguoni mwako, walisema," alisema. "Hicho chenu kimevuka nguo kikaingia nyumbani kabisa."

Tabitha alimeza hilo, maana lilikuwa haki yake. Kisha akaeleza machaguo: kumwachia mtoto, au kumgeuzia mama. Bibi alisema kitukuu ni damu yake pia, hatupwi. Tabitha akasema mjukuu akifa, kitukuu atakwenda naye. Bibi akasema labda wangeligawa nusu. Tabitha akasema nusu ya upungufu ni upungufu. Walikuwa wanavutana hivyo, kila mmoja akimwonea huruma mtu ambaye hakumwangalia, mpaka sauti ikatoka pembeni.

"Mnaongea kama vile sipo."

Eliwaza alikuwa amegeuka. Vumbi la ukuta lilikuwa limemshika mdomo wote.

"Nilikuwa mfungaji wa netiboli," alisema. "Mwalimu alisema nikiongeza kidogo tu nitachaguliwa timu ya wilaya. Kila mwezi nilikuwa najipima kwenye mlango wa darasa." Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, na machozi yakamtoka palepale. "Mimi bado nilikuwa narefuka."

4

Tabitha alitoa kishikwambi kwenye mkoba. Aliapa baadaye kwamba hakuwa amepanga. Kidole kilipita juu ya MTOTO, kikapita juu ya MAMA, kikagusa la tatu.

Hakujua kama hiyo ilikuwa haki au kumtwisha mtoto mzigo uliowashinda watu wazima. Alijua tu kwamba mwili ulikuwa wa Eliwaza, na kwamba mwenye mwili hajawahi kuulizwa.

Kwa muda hapakutokea kitu. Kuku walichakura. Halafu mabega ya Eliwaza yakakakamaa.

"Kinaongea," alisema.

"Kinasemaje?"

"Njoo usikie. Kipo kwenye mifupa."

Tabitha alipiga magoti akaweka sikio juu ya mfupa wa bega la msichana. Sauti haikupita hewani. Ilipanda kutoka ndani, kama mtetemo wa kinu mtu anapotwanga nyumba ya pili, na sauti ile ilikuwa ya Eliwaza mwenyewe. Ilikuwa imejifunza humo ndani kwa wiki kumi na tatu. Ilikuwa sauti yake, ila haikuvuta pumzi.

*Mtoto anaomba chokaa. Nitoe mfupani? Ndiyo au hapana.*

Watoto saba walikuwa wameacha kutafuna.

*Mtoto anaomba chuma. Nitoe kwenye damu? Ndiyo au hapana.*

"Nikisema hapana, atakufa?" Eliwaza aliuliza.

"Leo hatakufa," Tabitha alijibu. "Ukisema hapana kila siku, na usile, atakufa."

"Na nikisema ndiyo?"

"Utaisha wewe, mdogo wangu. Kidogokidogo, kama unavyoisha sasa. Na yai halitamfanya akushinde kumtoa. Kitakachokushinda ni nyonga iliyoliwa."

Bibi Naomi alisikia yote. Aliinuka akaingia ndani, na wakamsikia akifungua sanduku. Alirudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha mezani, akakifungua: bakuli la bati jeupe lenye ukingo wa buluu, halina hata mkwaruzo. Lilikuwa bakuli la wageni. Wajukuu waliwahi kumwona akilitoa kwa mchungaji, na mara moja kwa wakwe.

Akalijaza. Aliweka ugali, dagaa wazima pamoja na mifupa yao, mlenda, karanga. Mayai mawili aliyachemsha palepale akasimama nayo mkononi, yakimchoma. Miaka sitini na tano ya kuambiwa usimpe mjamzito yai haitoki kwa siku moja. Kisha akayaweka.

"Mgeni hali kwenye sinia," alisema. "Mgeni ana bakuli lake, na akila watoto hawamtazami. Huo si uchawi, hiyo ni adabu."

"Ni la mtoto?" Eliwaza aliuliza, akigusa tumbo. "Yeye ndiye mgeni?"

"Yule atakuja kwa zamu yake. Mgeni ni wewe. Kuanzia leo mpaka ujifungue, katika nyumba hii wewe ni mgeni wangu, na mgeni hanawi kabla hajashiba." Akawageukia wale saba. "Nanyi mnajua la kufanya."

Walijua. Mmoja mmoja, mkubwa kwa mdogo, watoto wakageuka wakampa mgongo, wakautazama ule ukuta uliochimbika. Hakuna aliyelia. Yule wa miaka mitatu hakuweza kutulia. Kila Eliwaza alipotafuna, koo lake dogo lilimeza mate.

Tabitha aliona hayo na hakujifanya hajaona. Kishikwambi kilitetemeka mapajani mwake, ujumbe wa Kitundu: *Nani kagusa chaguo?* Akaandika jina lake kamili. Kisha akaandika chini yake kwamba boksi moja kwenye nyumba ya watu tisa ni boksi la watu tisa, na kwamba kesho atakuwa mlangoni kwake, yeye na Penina na mkongojo wake, mpaka yaje maboksi tisa.

Eliwaza alikula yai la kwanza akilia. Akala dagaa. Tonge la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Na baada ya la tano, bila yeye kuuambia, mkono wake ukanyooka kuelekea kwenye beseni.

Bibi Naomi alilivuta beseni akaliweka nyuma ya mgongo wake.

*Mtoto anaomba chokaa,* sauti ikasema tena, na safari hii Tabitha hakuhitaji kuweka sikio, alimwona msichana akiisikia. *Nitoe mfupani? Ndiyo au hapana.*

Mkono wa Eliwaza ulibaki hewani juu ya ardhi tupu palipokuwa na beseni. Akaitazama migongo saba. Akalitazama bakuli. Kisha akaurudisha mkono, akachukua yai la pili.

"Subiri," aliiambia sauti ile yake mwenyewe kwa mdomo uliojaa. "Bado nakula."